Viatu Nitavifuata kwa Ndege

Siku ya kumzika mama yangu, binamu yangu alinivua viatu mbele ya watu na kuniambia nitavifuata kwa ndege. Nikavifuata kwa ndege. Huo ndio muhtasari wa miaka minne ya maisha yangu, na kama kuna mtu anadhani nilijenga ndege uani kwangu Nachingwea kwa sababu ya kupenda anga, au kwa sababu ya maendeleo ya mikoa ya kusini, nampa pole. Nilijenga kwa sababu ya kisasi.

Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa fundi wa ndege ndogo Dar es Salaam. Huko ndiko nilikopata pia leseni ya kurusha, kidogo kidogo, kila mshahara ukiacha nafasi. Mgongo ulipochoka kukunjwa chini ya mabawa, nilirudi Nachingwea nikafungua karakana ya mashine za kupulizia mikorosho, zile zinazobebwa mgongoni na kutawanya salfa, unga wa njano unaozuia ukungu usile maua. Mama alikuwa Malolo, upande wa Ruangwa. Nyumba yake ilipakana na ya binamu yangu, mtoto wa kaka yake.

Alifariki katikati ya masika. Simu ilinifika asubuhi, nikawasha pikipiki, nikafika kwenye kidaraja nikakuta maji yanapita juu yake. Nilikaa ng'ambo nikiyatazama mpaka alasiri. Kwetu maiti haingoji, na mimi nisingetaka ingoje. Nilipovuka na kufika Malolo, tope likiwa magotini, watu walikuwa wamesharudi kutoka makaburini na kukaa kwenye mikeka.

Kwetu binamu ni mtani. Msibani mtani ana ruhusa ambayo hata shehe hana. Anaweza kumwiga marehemu alivyokuwa akikohoa, anaweza kuficha sufuria ya wali, anaweza kumvua mfiwa shati na kukimbia nalo, na mtu haruhusiwi kukasirika. Anayekasirika ndiye mwenye kosa. Wazee husema utani unapunguza uchungu wa msiba. Labda unapunguza wa wengine.

Basi binamu yangu aliponiona naingia uani, alisimama juu ya kinu.

"Fundi wa ndege huyo kafika!" alipiga kelele. "Shangazi kamngoja ashuke na ndege, kamngoja weee, mwisho kachoka kajiendea zake kwa miguu!"

Uwanja mzima ukacheka. Wanawake walicheka huku wakifuta machozi. Shehe mwenyewe alijifanya anakohoa. Mimi nilikuwa bado sijasema hata salamu, na bado nilikuwa sijamlilia mama yangu. Binamu akaja, akapiga goti mbele yangu kama mtu anayeomba radhi, akafungua kamba za buti zangu nyeusi, zile nilizoagwa nazo kazini Dar, akazivuta moja moja na tope lake.

"Hivi viatu navishika," alisema. "Ukivitaka, vifuate kwa ndege. Ukija na pikipiki sikupi."

Akavivaa. Vilimzidi ukubwa, akawa anacheza navyo uani, kwata, kwata, na watu wanapiga makofi. Mimi nilikwenda kaburini kwa mama yangu pekupeku.

Nilicheka, kama inavyotakiwa. Ila nilipopiga magoti pale kwenye udongo mbichi niliapa jambo moja, na sikumwapia Mungu, nilijiapia mwenyewe. Kwamba nitapita juu ya nyumba yake na ndege, nitamwona chini pale amenyanyua uso, na mdomo wake ule usiojua kufungwa utatafuta neno na kulikosa. Sikutaka kingine. Nilitaka akose neno.

Kuna jambo nililijua tangu siku ile nikalikalia. Mwaka mzima ambao mama hakuweza kutembea, binamu ndiye aliyekuwa akimbeba kumtoa nje kuota jua. Na siku ile yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea, kwa niaba yangu. Nililijua hilo, na kila lilipotaka kuja mbele nililirudisha nyuma.

Ndege yenyewe niliipata kwa njia ya ajabu kidogo. Daktari mmoja wa kigeni, aliyewahi kufanya kazi hospitali ya misheni huku kwetu, alikuwa ameagiza ndege ya kujiundia mwenyewe, ije imsaidie kufikia vijiji wakati wa mvua. Ilikuja vipandevipande ndani ya makasha marefu. Kabla hajafungua hata kasha la kwanza, aliugua akarudi kwao, na makasha yakabaki stoo ya misheni chini ya vitanda vibovu kwa miaka mingi. Mimi nilikuwa nikiwatengenezea jenereta. Siku moja padri aliniuliza kama ninaweza kuwaondolea ile mizigo, maana mchwa wameanza. Nilisema ninaweza. Nadhani nilisema haraka mno, kwa sababu padri alinitazama mara mbili.

Nilipoyafungua makasha uani kwangu, kila kitu kilikuwemo: mabomba ya alumini yenye namba zake, ribiti za kuungia mabomba hayo, za kila saizi, kwenye vipakiti, marobota ya kitambaa cheupe cha mabawa, pangaboi la mbao lililofungwa kama mtoto mchanga, na injini ambayo ni kaka mkubwa wa zile injini za kupulizia salfa. Kitabu cha maelekezo kilikuwa kimeliwa na mchwa kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa ishirini na kitu, kwa hiyo ndege yangu niliianzia katikati.

Mke wangu ni fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache yenye uzito. Alizunguka makasha mara moja.

"Yote haya kwa ajili ya viatu?" aliuliza.

"Si viatu."

"Viatu vinauzwa Jumapili mnadani, baba. Jozi mpya kabisa, na kamba zake."

"Nimekwambia si viatu."

"Basi hasira hasara," alisema, akarudi kwenye cherehani yake.

Nilijenga masika matatu na viangazi vyake. Asubuhi nilikuwa karakana natengeneza mashine za watu, jioni nilikuwa uani chini ya paa la mabati napiga ribiti. Nisidanganye: ilikuwa raha. Watu husema kisasi kinamla mwenye nacho, lakini mimi kilinilisha. Kila ribiti niliyoipiga niliipiga juu ya paji la uso wake. Nikikwaruza bomba, nilikwaruza kicheko chake. Majirani walikuja kukaa kwenye magogo na kunipongeza kwa uvumilivu, nami nikawa najibu "tunajaribu, tunajaribu," huku moyoni nikisikia kwata, kwata.

Kitambaa cha bawa hukazwa kwa pasi. Unakivisha kwenye mifupa ya bawa kikiwa kimelegea kidogo, unapitisha pasi ya moto wa kiasi, nacho hujikunja na kukaza kama ngozi ya ngoma. Moto ukizidi kinayeyuka, ukipungua kinabaki na mikunjo. Maelekezo yalitaka pasi ya umeme yenye kipimo. Umeme wetu hauaminiki, kwa hiyo mke wangu alileta pasi yake ya mkaa, akalamba kidole, akagusa chuma, akasikiliza kilivyolia, kisha akasema "sasa." Hakukosea hata mara moja. Mabawa yote mawili aliyapiga pasi yeye, mchana kutwa, jasho likimtoka.

"Suruali zako hujawahi kuzijali hivi," aliniambia.

Mwisho kabisa niliyapindua mabawa, nikachukua rangi nyekundu ya mafuta, nikaandika upande wake wa chini, herufi moja urefu wa mkono wangu: NIMEFUATA VIATU. Nilirudi nyuma nikasoma. Nakiri nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akatoka kuangalia kuna nini.

Mambo ya ndege yana wenyewe, na mimi si mtu wa kuruka kama mwizi wa kuku. Niliandika barua, nikajaza fomu, leseni yangu nikaihuisha, na kila hatua akaja mkaguzi kutoka Dar kuangalia. Kiangazi cha mwaka wa nne ikabaki hatua moja tu, ukaguzi wa mwisho. Niliivuta ndege kwa trekta mpaka kiwanja cha Nachingwea, mabawa yakiwa yamefungwa kando, na nusu ya mji nyuma yangu.

Wiki moja kabla ya mkaguzi kuja, binamu yangu alitokea kiwanjani. Habari zilikuwa zimemfikia Malolo. Alikuwa amening'iniza buti yangu moja shingoni kwa kamba yake.

"Nimekileta kije kione nyumba," alisema. "Kingine kimekosa nauli."

Alizunguka ndege yangu taratibu mikono nyuma, kama mnunuzi wa ng'ombe. Alisoma maandishi chini ya bawa, akaangua kicheko, na kilikuwa kicheko cha furaha hasa. Akafika mkiani. Kule nyuma kuna nyaya za chuma zinazotoka kwenye usukani wa rubani kwenda kwenye mkia, ndizo zinazoinua na kushusha pua ya ndege. Akazipiga kwa kidole, ting, ting.

"Kumbe umejenga zeze!" alisema. "Mtani, utaruka au utaimba?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kama inavyotakiwa, nikimwambia moyoni: subiri wiki moja.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Alianza kwenye pua, akaenda mkiani, akigonga na kuandika. Chini ya bawa alisimama.

"Hili ndilo jina la ndege, mzee?"

"Ni ujumbe."

"Kwa nani?"

"Mwenyewe anajua."

Akaandika. Kisha akafika mkiani, akashika waya wa juu kwa mikono miwili, akaupinda kidogo ili aone ndani ya msokoto wake, na ukatoa sauti ndogo kama mtu anayevunja kijiti cha meno. Akaupinda tena. Nyuzi tatu zikakatika mbele ya macho yangu. Aliuachia, akajifuta vidole, akanitazama kwa huruma ambayo nilitamani kumtandika nayo.

"Mzee wangu, huu waya umekufa. Ungeshafika juu ukavuta usukani, mkia usingekusikia. Ungeshuka kama jiwe."

Sikuuliza waya umekufaje. Fundi wa miaka ishirini, kazi yake ni kuuliza kitu kimekufaje, sikuuliza. Nilisikia kitu kimoja tu kichwani, ting, ting. Nikaona kidole chake. Nikaona mifuko ya suruali yake, na mikono ile aliyokuwa ameiweka nyuma. Kwa nini mtu aweke mikono nyuma? Amebeba nini? Nilipanda pikipiki nikiwa na ovaroli, na kutoka Nachingwea mpaka Malolo sikumbuki hata kona moja.

Nilimkuta uani kwake anatengeneza mpini wa jembe. Mkewe alikuwepo, wakwe zake walikuwepo, majirani wawili watatu walikuwepo. Kiatu kimoja kilikuwa kimetundikwa juu ya mlango, mahali ambapo watu wengine hutundika picha. Alivyoniona tu uso ukamkunjuka.

"Lo! Kaja na pikipiki! Nilisema nini mimi? Kwa pikipiki sitoi!"

"Umenikatia waya," nilisema.

"Waya gani?"

"Waya wa mkia. Umekuja kiwanjani kwangu ukaushika mbele ya watu, umeutia dawa, umeukata, mimi sijui, lakini umeuharibu ili nife. Ulimcheka mama yangu kaburini, sasa ulitaka unicheke na mimi."

Hakuna aliyecheka. Binamu aliweka mpini chini. Akaniangalia, na akaniuliza swali ambalo kwetu ni kama mtu anayekufungulia mlango wa nyuma ili utoke bila aibu.

"Mtani," alisema polepole, "hayo maneno unayasema kwa utani au kwa kweli?"

Ningeweza kusema kwa utani. Hata kama ningekuwa natetemeka kwa hasira, ningesema kwa utani, watu wangepumua, tungepewa maji, na jambo lingeongelewa kwa njia yake. Mkewe alikuwa ananitazama akinisihi kwa macho niseme hivyo. Niliona kila kitu, na nikafurahi kukikataa.

"Kwa kweli," nilisema. "Na kuanzia leo sina utani na wewe."

Nilimwona. Mdomo ulifunguka kidogo, ukatafuta, ukafunga. Niliondoka hapo nikiwa nimeshiba. Njia nzima ya kurudi nilikuwa najiambia kwamba hata bila ndege nimempata, na upepo ulinigonga kifuani vizuri kabisa.

Siku ya nne akaja kijana wa bodaboda na mfuko wa plastiki. Ndani yake zilikuwa buti zangu. Zote mbili. Zilikuwa zimeoshwa mpaka kwenye mishono, zimepakwa rangi nyeusi, zimewekwa kamba mpya.

"Kasema samahani kwa usumbufu," alisema yule kijana.

"Kasema nini kingine?"

"Basi."

"Hebu kumbuka vizuri. Hakusema neno lolote la kejeli?"

"Hapana, mzee. Kasema samahani kwa usumbufu, na nisalimie shemeji."

Nilibaki nimeshika buti. Miaka minne nilizitaka, na sasa ziko mikononi mwangu zinanukia rangi, na nilihisi mtu kanidhulumu. Hasira niliyokuwa nayo kwanza haikuwa kitu. Angeniletea moja! Angejaza mavi ya mbuzi ndani yake! Kuniletea viatu visafi vyenye kamba mpya, kama mteja aliyekuja dukani, huo ulikuwa ujeuri.

Wiki ileile nilihitaji kipande cha waya wa zamani, nipate kipimo cha kuagizia mwingine. Mke wangu alipanda kwenye kigogo akashusha mfuko kutoka juu ya kenchi ya paa, mahali nilipoyalaza mabaki. Aliushika, akaukung'uta kwanza nje ya mlango, maana yeye ni mtu wa usafi. Unga wa njano ukatoka.

Huku kwetu mfuko wa salfa ukiisha hautupwi. Ni mgumu, una plastiki ndani, mchwa hausogelei na panya hautafuni. Unawekwa nguo za sikukuu, unawekwa vyeti vya ubatizo na vya shule, unawekwa mkaa. Nilipoyatoa makasha misheni na kuona mchwa wameshafika kwenye kitabu, nilichukua rola la waya, nikalisokomeza ndani ya mfuko wa salfa, nikaufunga, nikaupachika juu, nikajisifu. Ukakaa humo masika matatu. Salfa ikipata unyevunyevu inageuka ukali unaokula chuma taratibu, kuanzia ndani ya msokoto, mahali ambapo jicho halifiki. Kila siku ya Mungu mimi huwaambia wakulima karakana kwangu: mashine hii ukishapulizia ioshe, salfa ikilala na umande inakula chuma. Nimeyasema maneno hayo mpaka watoto wa jirani wanayaigiza. Siku niliyoutoa waya nikauona una weusi, nilidhani ni grisi ya zamani, nikaufuta kwa kitambaa na kuufunga mkiani.

Nilichukua kile kipande kilichobaki, nikakipinda kwa vidole viwili. Kilikatika kama tambi kavu.

Mke wangu alinirudishia mfuko, akanawa mikono.

"Nenda Malolo," alisema baadaye wakati tunakula.

"Nitaenda."

"Kesho."

"Nimesema nitaenda."

Sikwenda. Nilikuwa na sababu nzuri kila siku. Mashine za watu, msimu wa kupulizia, waya mpya uko njiani. Ukweli ni kwamba kukiri mbele ya mtani ni kumpa fimbo ya kukupigia mpaka kaburini, na nilikuwa najua angefanya nini na habari kama ile. Fundi wa ndege kaua waya wake kwa mfuko wa salfa! Angelikata uno la furaha. Angeniimba kila msiba wa Ruangwa na Nachingwea. Nilishindwa kuvumilia kumpa furaha ile. Nilijiambia kwanza nitaruka, nitapita juu yake, halafu tukiwa tumelingana ndipo nitasema.

Waya mpya ulifika, mkaguzi akarudi, akavuta, akapinda, akasaini. Wakati huo korosho zilikuwa zimeanza kuanguka. Niliruka asubuhi, hali ya hewa ikiwa tulivu, na mguuni nilivaa zile buti.

Sitaeleza sana habari za kuruka. Inatosha kusema kwamba kitu nilichokijenga kwa chuki kilinyanyuka kwa upole ambao sikustahili. Nachingwea ikabaki nyuma, barabara nyekundu nikaifuata kama kamba, mikorosho chini ikiwa duara duara. Nilivuka kile kidaraja kilichonizuia siku ya mama kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, na hapo peke yake, juu kule, nililia kidogo.

Malolo walikuwa wamesikia injini kabla ya kuiona. Nikashuka mpaka urefu ninaoruhusiwa na si zaidi, nikainamisha bawa ili maandishi yaonekane. Watoto walitoka kila mlango. Wanawake walikuwa wanapunga kanga. Niliona watu wanasoma, wananyoosha vidole, wengine wameshika matumbo kwa kicheko, maana kisa cha viatu kila mtu anakijua. Nyumba ya mama ikapita. Kisha uwanja wa binamu.

Alikuwa anaanika korosho. Nilimjua kwa kofia yake na jinsi anavyosimama, mguu mmoja mbele. Alikuwa na reki mkononi, anageuza korosho ili zipate jua sawasawa. Injini yangu inanguruma, mtu hawezi kusema hakuisikia; kuku wake walikuwa wamekimbilia chini ya ghala. Mkewe alikuwa kasimama karibu naye anaangalia juu, amemgusa bega. Yeye aligeuza korosho.

Nilizunguka mara ya pili, nikazunguka na ya tatu. Alimaliza mstari mmoja akaanza mwingine. Hakuinua kichwa.

Nilirudi Nachingwea, nikashuka vizuri, watu wakanibeba. Usiku ule sikula.

Masika yaliyofuata akafariki, kule Likunja, bibi yetu mdogo, dada wa mwisho wa mama yake mama. Nilikwenda kwa pikipiki, na safari hii niliwahi. Njiani nilisimama mahali penye tope nikashuka, nikakanyaga makusudi, mguu huu na mguu huu, mpaka buti zikawa kama zilivyokuwa siku ile. Nilipofika nilizivua, sikuziweka kando na viatu vya wengine. Niliziweka katikati ya njia, kati ya mkeka na mlango wa ua, mahali ambapo mtani kipofu angejikwaa nazo. Nikakaa kwenye mkeka nikasubiri.

Watani wengine walikuwa kazini. Mmoja alikuwa kajilaza juu ya kitanda cha marehemu akidai ugoro wake. Mwingine kaficha ndoo. Binamu yangu alikuja na mtungi wa maji ya kunawa, ameinama kwa uzito. Alifika kwenye viatu vyangu akasimama. Uwanja wote, naapa, uligeuka kutazama. Hata yule aliyelala kitandani alinyanyua kichwa.

Binamu akazisogeza buti kwa mguu, pembeni, taratibu, moja kisha nyingine, akazipanga sambamba ili watu wasijikwae. Akaendelea na maji yake.

Nikanyanyuka nikamfuata mpaka kwenye mapipa.

"Ule waya," nilisema. "Haukuwa wewe. Ilikuwa salfa. Niliuweka kwenye mfuko wa salfa."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, nilitaka anisimamie juu ya kinu awaite watu wote waje wasikie.

"Nilishasikia, ndugu yangu," alisema. "Shemeji alimwambia mke wangu tangu zamani. Mshukuru Mungu hukuruka nao."

"Basi sema neno."

"Pole sana kwa msiba," alisema, akanipa mkono.

Baada ya maziko nilikaa mpaka watu wakapungua. Kisha nilikwenda pembeni pale alipozipanga buti, nikazivaa, nikafunga kamba, nikarudi nyumbani na viatu vyangu vyote viwili miguuni.